Fundi Rula na Ila ya Kila Siku Njema

Waliopo hapa leo, tukiwataja mmoja mmoja kama alivyopenda marehemu, ambaye hakuvumilia mtu kurukwa, ni hawa: mjane wake, aliyeketi mbele, binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, pamoja na mume wake, mwanawe wa pekee wa kiume, dereva wa lori, aliyefika asubuhi hii na vumbi la njiani bado likiwa mabegani, binti yake wa mwisho, mkunga, wajukuu zake, ambao mdogo wao amelala begani kwa shangazi yake, mdogo wa marehemu, fundi mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Kicheko, na mke wake, mafundi wa karakana, wa zamani na wa sasa, muuza mbao, ambaye kwa miaka mingi alirudishiwa mbao zake na marehemu kwa kosa la kupinda, jirani wa ukuta mmoja, daktari aliyemtibu, na muuguzi, na msomaji wa historia hii, mwalimu mstaafu, aliyekaa na marehemu dawati moja tangu darasa la kwanza.

Marehemu aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba historia yake isipigwe vanishi, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, vanishi huuficha ubao mbovu kwa msimu mmoja tu. Kwa hiyo kitakachosomwa hapa ni kile alichokisimulia mwenyewe kitandani, na mjane wake ameridhia, na Kicheko naye ameridhia, tena alipoulizwa alijibu, "Someni tu, mimi nilikuwepo."

Fundi Rula alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Novemba 1942, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha kupasulia mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpasua mbao na mama mshona nguo, na kwa miaka mitatu na ushei aliishi kama mfalme asiye na mshindani, mpaka tarehe 2 Februari 1946, alipozaliwa mdogo wake. Mama yao alikuwa akisema kwamba mkubwa alitoka amekunja ngumi, na mdogo alitoka akitafuta mtu wa kuzungumza naye. Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Fundi Rula, na aliitaja bila aibu, ilikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni, akilitazama paja la mama yake, na juu ya paja hilo amekaa mtu mwingine, na mtu huyo anacheka.

Alianza shule Januari 1950, katika shule ya serikali, jengo refu la bati ambamo wakati wa mvua mwalimu alifundisha kwa ishara, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa kuwa alipiga mstari wa pembeni katika madaftari ya darasa zima, na aliyekataa kupigiwa alipigiwa kwa nguvu. Mwezi wa Novemba 1957, katika sikukuu ya kuhitimu, alikuwa ametokea wa kwanza kwa useremala, na kikombe kilikuwa tayari mezani, lakini kabla jina lake halijaitwa ilinyesha mvua ya kufukuza watu, wageni wakatawanyika, na kikombe akaja kukabidhiwa baadaye katika stoo ya majembe, na mlinzi wa shule, aliyemwambia, "Chukua kitu chako, nataka kufunga." Siku hiyohiyo mdogo wake, aliyekuwa katika kundi la waimbaji na aliyekuwa wa mwisho kwa karibu kila somo, aliteleza jukwaani, akaangukia ngoma, na ngoma ikabiringika na mkuu wa shule akiifukuza. Jioni baba yao alikitazama kikombe kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Vizuri, vizuri," kisha akamgeukia mdogo, akamwambia, "Hebu rudia tena pale ngoma ilipoanza kubiringika." Nyumba nzima ilicheka mpaka mama akashika ubavu. Fundi Rula alikaa pembeni na kikombe chake, na alichokumbuka kuhusu siku ile, kwa miaka sitini na mitano, ni harufu ya stoo.

Wahenga wamesema hakuna masika yasiyo na mbu, na marehemu alikuwa mtu wa kuwahesabu mbu. Hilo peke yake lingemfanya mtu wa manung'uniko tu, na manung'uniko hayamchomi mtu sana. Kilichomchoma ni kwamba mdogo wake aliumwa na mbu walewale, nyumba ileile, mvua ileile, na bado alitoka masika akisema yalikuwa mazuri. Kama Kicheko angekuwa na bahati kuliko yeye, alisema marehemu, angemwonea kijicho cha kawaida, kama watu wote, na yangeisha. Lakini hakuwa na bahati yoyote ya ziada. Alikuwa na kitu kingine, na hakikuweza kupimwa.

Januari 1958 Fundi Rula alijiunga na karakana ya samani iliyo mkabala na stesheni ya reli, akiwa mwanafunzi wa fundi mkuu mmoja mkali aliyekuwa akizivunja kazi mbovu kwa nyundo mbele ya aliyezitengeneza, na katika miaka yote ya mafunzo nyundo ile haikuigusa kazi yake hata mara moja. Alijulikana kwa viungo vyake, kwa sababu hakutumia msumari wala skrubu, bali alichonga meno ya ubao yakaumana na mengine, akatia gundi, na kitu kilichoungwa na Fundi Rula hakikufunguka tena ila kwa msumeno. Mwaka 1961 mdogo wake aliingia karakana hiyohiyo, na mkono wake ulikuwa mzito, na chini ya mguu mmoja wa kila meza aliyoitengeneza hapakukosa karatasi iliyokunjwa. Wateja walimwagiza meza Fundi Rula, kisha wakaenda kukaa kwenye benchi la Kicheko kuisubiri. Hilo lilimuuma sana. Alikuwa akipiga randa huku amewapa mgongo, anasikia vicheko, na kila kicheko kilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Mafundi walimtania, "Rula, wewe hata ukiingia peponi utaanza kwa kukagua mlango kama umenyooka," na yeye alijibu, "Na kama haukunyooka?" wakazidi kucheka, na aliyecheka zaidi ni mdogo wake.

Fundi Rula alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1968, na mshonaji wa mapazia aliyekuwa na duka dogo jirani na karakana, ambaye ndiye mjane tuliye naye hapa. Kwa harusi hiyo alitengeneza kabati la nguo la milango mitatu, kazi ya miezi, ambayo fundi mkuu mwenyewe alikuja kuishika kwa kiganja bila kusema neno, na neno hilo lisilosemwa lilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Aliupima ukuta wa chumba cha kulala, akapima dari, akapima hata mwanga wa dirisha ili kioo kisimchome bibi harusi machoni. Mlango wa chumba hakuupima. Fundi mwingine yeyote angelifungua kabati vipande viwili akaliingiza, na mambo yakaisha, lakini kabati la Fundi Rula halikuwa na skrubu hata moja ya kufungua.

Basi siku ya harusi kabati lilisimama sebuleni kwake, likaziba nusu ya njia, na wageni wakapita ubavuubavu kama kaa. Bwana harusi alivua koti, akaenda kutafuta msumeno. Kicheko naye akaifungua milango mitatu ya kabati, akaingia ndani, akawa anapokea makoti na kofia za wageni, akiwaambia, "Karibuni, karibuni, hoteli yetu imejaa, vyumba vimebaki vitatu tu, shangazi, wewe utachukua cha kioo?" Bibi harusi alifika mlangoni wakati huohuo, akaliona kabati, akamwona shemeji yake ndani ya kabati, akacheka mpaka shela ikamdondoka. Ni kicheko hicho. Marehemu alisema angeweza kusamehe kabati, angeweza kusamehe mlango, lakini bibi harusi wake, siku ya harusi yake, kicheko chake cha kwanza ndani ya nyumba yake, alimpa mtu mwingine. Alikata kichwa cha kabati mchana uleule, watu wakiwa wanakula, na katika picha ya harusi anaonekana amesimama na vumbi la mbao kwenye nyusi, na hacheki. Mjane ameomba isomwe hapa kwamba yeye siku ile alimwambia, "Njoo ukae, mume wangu, kabati litangoja," na akajibiwa, "Haliwezi kungoja," naye akasema, "Basi ningeolewa nalo."

Kicheko alioa tarehe 10 Julai 1971, naye Jumamosi, na siku hiyo gari la maharusi lilikataa kuwaka, wakatembea kwa miguu mpaka ukumbini, bibi harusi ameshika viatu mkononi, na kila nyumba waliyoipita watu walitoka wakajiunga, mpaka walipofika hawakuwa harusi bali maandamano. Viti havikutosha. Keki iliegemea upande mmoja, na Kicheko akasema imechoka kutembea. Fundi Rula alikuwa msimamizi, na alikuwa na viatu vyeupe, na aliziweka kasoro zote kichwani mojamoja, huku akingoja kwa hamu, alikiri, uso wa mdogo wake ubadilike. Haukubadilika. Waliporudi nyumbani mke wake alisema, "Jamani, harusi ilikuwa tamu," na yeye hakumsemesha mpaka Jumatatu. Wivu ni kidonda, wasema watu, ukiushiriki utakonda, na ni kweli kwamba marehemu hakuwahi kunenepa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, waliotajwa mwanzoni, na aliwalea kwa kazi ya mikono yake, wakasoma wote, na hakuna hata mmoja aliyelala kwenye kitanda chenye kuyumba. Mwaka 1979 fundi mkuu alistaafu, naye Fundi Rula akawa mkuu wa karakana, na Kicheko akawa chini yake, na mtu angedhani kwamba hapo moyo ungetulia. Lakini kwenye sherehe ya kumkabidhi funguo za karakana, kipaza sauti kilikatika katikati ya hotuba yake, na aliyeimalizia hotuba, kwa kupanda juu ya benchi na kuikariri kwa sauti kubwa huku akiweka vichekesho vyake, ni mdogo wake. Watu walipiga makofi. Fundi Rula alishika funguo, akawaza kwamba hata hiki amekichukua.

Tarehe 25 Novemba 1994, siku ya Ijumaa, binti yake mkubwa alitunukiwa cheti cha ualimu, wa kwanza katika ukoo wote kufika huko. Umeme ulikatika sherehe ikiwa katikati, na madirisha ya ukumbi yalikuwa makubwa, lakini marehemu aliona jambo limeharibika, akatoka nje kumtafuta mtu wa jenereta, akamkuta, wakazozana, huyu akisema mafuta hayapo, yule akisema hilo ungelijua tangu jana. Aliporudi, binti yake alikuwa anashuka jukwaani, cheti mkononi, akimtazama mtu aliyesimama juu ya kiti akipiga makofi juu ya kichwa chake, na mtu huyo ni baba yake mdogo. Binti alimwuliza, "Baba, ulikuwa wapi?" Akajibu, "Nilikuwa nashughulikia taa." Binti akamwambia, kwa upole tu, "Lakini baba, sisi tulikuwa tunaona."

Maneno hayo, alisema marehemu, hayakutoka tena. Alikwenda nayo karakana, akalala nayo, akaamka nayo. Siku chache baadaye alimfuata mdogo wake kwenye benchi lake, wakati mafundi wamekwenda kula, akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza, na alimwuliza kwa hasira, "Hivi wewe huoni? Gari haliwaki huoni, keki imepinda huoni, taa zimezimika huoni?" Kicheko aliweka patasi chini, akamjibu, "Kaka, naona kila kitu unachokiona. Ila nina mikono miwili tu. Nikitoka kwenye shughuli siwezi kubeba yote, nabeba lile nitakalotaka kulisimulia nikifika nyumbani, mengine nayaacha palepale, wenyewe watafagia." Kisha akaongeza, akichungulia chini ya meza aliyokuwa akiitengeneza, "Na wewe unadhani mimi sina wivu? Miaka thelathini na tatu nakunja karatasi, naweka chini ya miguu ya meza. Wewe umewahi kukunja karatasi?" Fundi Rula alirudi kwenye benchi lake, na alikiri kwamba alichosikia moyoni kwanza si huruma bali furaha, kwamba kumbe naye anaumwa, na cha pili, kilichokuja polepole kama gundi inavyokauka, ni aibu.

Isidhaniwe kwamba tangu siku hiyo alibadilika akawa mtu wa tabasamu, kwa sababu hilo lingekuwa vanishi. Alianza kujaribu. Mwanawe alipopata lori, likapata pancha siku ya kwanza, marehemu alikaa kimya, akang'ata ulimi, na mjane anasema uso ulikuwa kama mtu anayemeza mfupa, lakini alikaa kimya. Harusi ya binti wa mwisho ilinyeshewa, naye alihimili karibu mpaka mwisho, akashindwa ilipofika zamu ya hema kuvuja juu ya mkuu wa familia ya bwana harusi. Alistaafu mwaka 2005. Alikuwa akimwambia msomaji wa historia hii kwamba randa aliijua kwa mwaka mmoja, lakini hili la kuiacha ila, yaani kasoro, palepale ilipo, akaondoka na lililo jema, hajui kama maisha yatamtosha kujifunza, na kwamba kinachomuudhi zaidi ni kumwona mwenzake analijua bila kufundishwa.

Alianza kuugua mwezi wa Machi 2019, kifua, na daktari alieleza kwamba ni vumbi la mbao la miaka mingi. Alitibiwa, akalazwa mara kadhaa, akaruhusiwa, na kuanzia Agosti 2022 alikuwa mtu wa nyumbani, dirishani, kwenye mito. Aliomba jambo moja tu. Tarehe 13 Novemba angetimiza miaka themanini, na alitaka chakula cha mchana na watu wake wote, siku moja, aikae nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, asiharibu. Alisema hivyo hasa: si kwamba isiharibike, bali yeye asiiharibu.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Umeme haukuwepo. Mpishi alichelewa, na wali ulishika moto chini. Mpiga picha alikwenda mtaa mwingine, akakuta sherehe nyingine, akaipiga picha hiyo. Marehemu alikaa. Mara wakaingia vijana wawili wa karakana wamebeba kitu kimefunikwa shuka, na nyuma yao Kicheko, anahema, naye ana miaka sabini na sita, akasema kwamba kaka yake amekaa kwenye mito vya kutosha, na kwamba amemtengenezea kiti chenye mikono, peke yake, hakusaidiwa na mtu. Akavuta shuka.

Kilikuwa kiti kipana, cha mbao nzuri, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu kuliko wa kulia. Kila mtu chumbani alimtazama Fundi Rula, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba ameshaona tangu shuka likiwa nusu. Binti wa mwisho, yule mkunga, alimshika mama yake mkono. Marehemu alisaidiwa kuinuka, akakiendea, akapitisha kiganja juu ya mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kama fundi mkuu alivyokuwa akifanya, akageuka, akakaa. Kiwiliwili chake kikalala upande wa kulia, aliposimama Kicheko.

Kicheko aliuliza, na safari hii hakuwa anacheka, "Kimepinda, eh?"

"Kimepinda."

"Nipe wiki moja nikirekebishe, kaka."

"Kiache," alisema Fundi Rula. "Kinaniegemeza upande wako."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mjane wake ndiye aliyeanza. Kesho yake, Jumatatu, msomaji wa historia hii alimkuta marehemu amekaa kwenye kiti hichohicho, akamwuliza kama wivu umekwisha. Alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kujibu harakaharaka, akasema kwamba haukwisha, kwamba hata jana, mdogo wake alipovuta shuka na wajukuu wote wakamkimbilia, ulimjia palepale, akautambua, lakini ulikaa kimya kwenye kona yake, naye akala, na wali ulikuwa mtamu, hasa ule wa chini.

Familia inamshukuru daktari na muuguzi, waliomvumilia alipokuwa akiwanyooshea vitanda vya wodi. Inawashukuru majirani, na hasa jirani wa ukuta mmoja, aliyeusikia ule msumeno kwa miaka hamsini na hakulalamika. Inawashukuru mafundi wa karakana, waliolitengeneza jeneza hili kwa viungo bila msumari, na muuza mbao, aliyeleta mbao zilizonyooka. Inamshukuru Kicheko.

Pumzika, Fundi Rula, weka futi chini, pumzika kwa amani.

Fundi Rula alifariki nyumbani kwake, siku ya Jumatano, tarehe 16 Novemba 2022, saa nne asubuhi.